Siku Mbili Katika Nchi ya Mizabibu

Tangu tuliporudi kutoka Ulaya watu wengi wametuuliza habari za safari yetu, na walimu kadhaa wametuandikia barua wakitaka kujua mambo ya ule mkutano uliotupeleka mji wa Strasbourg. Habari za mkutano ni hizi: tulikaa, tukasikiliza, tukaandika, tukaagana. Lakini baada yake tulipata siku mbili zilizo zetu wenyewe kabla ya kushika njia ya kwetu, na hizo ndizo tunazotaka kuzisimulia hapa. Tulikuwa tumezipangia mpango mzuri sana, nao ulivunjika siku ya kwanza kabla ya saa sita, wala hatujausikitikia hata leo.

Tulikuwa watu wanne. Wa kwanza alikuwa Mzee wetu, mwalimu aliyekwisha kustaafu, Mgogo wa Mpunguzi, kusini ya mji wa Dodoma, ambaye ana shamba lake la mizabibu la ekari moja na nusu. Wa pili alikuwa Mama, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, mtu wa taratibu, ambaye kengele yake haikuchelewa hata siku moja kwa miaka ishirini. Wa tatu alikuwa kijana wa kwetu anayesoma huko Strasbourg, ajuaye Kifaransa, naye ndiye aliyeshika usukani wa motakaa tuliyoikodi. Wa nne ni mkono huu uandikao.

Nchi ile yaitwa Alsace. Ni ukanda mwembamba wa Ufaransa, upande wa mashariki, kati ya milima ya Vosges na mto Rhine. Ukivuka mto umefika Ujerumani. Mpaka huo umewatesa wenyeji. Mwaka 1871 Wajerumani waliitwaa nchi. Mwaka 1918 ikarudi kwa Wafaransa. Mwaka 1940 Wajerumani wakaitwaa tena. Na kufikia mwaka 1945 ikawa ya Wafaransa mara nyingine. Mtu aliyezaliwa mwaka 1870 akaishi miaka 75 alibadilishwa taifa lake mara nne, naye hakuhama nyumba yake. Kwa hiyo vijiji vina majina ya Kijerumani, watu husema Kifaransa, na wazee kati yao bado husema Kialsace, lugha iliyo ndugu wa Kijerumani.

Chini ya milima, mahali ambapo nchi tambarare huanza kuinuka, ndipo penye mizabibu. Mwaka 1953 Wafaransa waliifungua rasmi njia ipitayo katikati ya mashamba hayo, wakaiita Njia ya Divai. Yaanza Marlenheim upande wa kaskazini, yaishia Thann upande wa kusini, nayo ni kama kilometa 170. Kwa motakaa nzuri kilometa 170 si kitu. Mama alitwaa karatasi, akaandika vijiji kumi na vinne, na kila kijiji akakipa dakika zake: hapa ishirini, hapa kumi na tano, hapa nusu saa pamoja na chakula. Saa kumi na moja jioni tuwe tumefika Thann. Siku ya pili turudi tukanunue zawadi. Sote tuliisifu ile karatasi.

Tukatoka Strasbourg saa moja asubuhi, mwisho wa mwezi wa Septemba, ukungu ukiwa bado umelala mashambani. Tuseme kweli: kwa saa tatu na zaidi hatukuona kitu. Tulifika kijiji, tukashuka, tukapiga picha mbele ya kisima chenye maua, Mama akatazama saa, tukapanda. Tulipoulizana baadaye ni kijiji gani chenye mnara mwekundu, hakuna aliyejua. Wala picha hazikutusaidia, kwa kuwa katika zote tumesimama vile vile, na nyuma yetu kuna kisima kile kile. Mzee peke yake hakuwa na haja ya kushuka. Alikaa kiti cha nyuma amegeuza uso dirishani, akitazama mizabibu inavyopita, safu baada ya safu, kama mtu anayejaribu kusoma kitabu ambacho mwingine anazifunua kurasa zake upesi.

Karibu na kijiji cha Bergheim tukalikuta trekta mbele yetu, likikokota tela lililojaa zabibu. Njia ilikuwa nyembamba, kuta za mawe huku na huku, na trekta likienda mwendo wa mtu atembeaye. Tukalifuata dakika moja, dakika tano. Mama akavuta pumzi. Yule kijana, kwa kumsikia Mama, akapiga honi, tena si kidogo. Mwenye trekta akageuka. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Akainua mkono kwa upole, akaliingiza trekta lake penye mlango wa shamba, akavua kofia, akatungoja tupite.

Mzee akasema, "Mjukuu wangu, simama."

"Babu, njia imekwisha kufunguka."

"Naiona. Wewe simama. Umempigia kelele mtu aliye na mavuno. Kwetu mtu akifanya hivyo hushuka akaomba radhi."

Mama akasema, "Mzee, tumebakiwa na dakika saba tu."

"Basi nipeni hizo saba, ziwe zangu," akajibu Mzee, akafungua mlango. Ilikuwa saa tano na robo. Tuliondoka shambani kwa yule bwana saa kumi alasiri.

Radhi yenyewe haikuchukua muda, maana kijana alishuka kwanza, naye aliona haya hata masikio. Bwana mwenye shamba alicheka tu. Lakini Mzee alikwisha kumpita, akaingia katika safu za mizabibu, akainama, akageuza jani moja akatazama upande wake wa chini. Akaliinua akamwonyesha mwenye shamba doa jeupe mfano wa unga. Kisha akasugua vidole vyake kama mtu anyunyizaye kitu, akasema, "Salfa." Yule bwana akafahamu neno lile bila ya mfasiri, akaenda akarudi na mfuko wa unga wa njano. Tangu hapo kijana wetu hakupata kupumzika, kwa kuwa wakulima wawili walikuwa wamekutana, na kila mmoja alikuwa na maswali ya miaka arobaini.

La kwanza lilikuwa la mvua. Mji wa Colmar, ulio jirani na hapo, ni miongoni mwa miji mikavu ya Ufaransa, maana mawingu yatokayo magharibi huangusha mvua yake juu ya milima ya Vosges, na upande huu hufika mabaki. Kwa mwaka mzima hupata kama milimita 600 hivi. Mzee akamwomba kijana aulize tena, asije akawa amekosea. Maana Dodoma nayo hupata karibu kiasi hicho hicho. Nchi moja ina baridi ya kupasua mawe na nyingine ina jua la kupasua midomo, na kumbe zanywa kikombe kimoja.

La pili lilikuwa la mavuno. Kule Alsace mzabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, kuanzia Septemba na kuendelea mwezi wa Oktoba. Baridi ikija, majani huanguka yote, mti hulala usingizi mpaka majira ya kuchipua, na wakati huo hukatwa matawi yake. Mzee akasema kwamba kwetu twavuna mara mbili, penye Februari na Machi, na tena penye Agosti na Septemba. Yule bwana hakusadiki. Akauliza, "Basi mizabibu yenu hulala lini?" Mzee akajibu, "Hulala pale tunapoilaza sisi. Hatuna theluji, lakini tuna mkasi." Na ndivyo ilivyo, kwa kuwa katika nchi za joto mkulima akisha kukata matawi, ndipo mti huanza upya hesabu ya siku zake. Bwana yule alitikisa kichwa muda mrefu, akawaita wanawe waje wasikie.

Tuliuliza pia kwa nini mashamba yamepanda vilimani, hali nchi tambarare iko chini nayo ni rahisi kulima. Tukajibiwa kwamba hewa ya baridi ni nzito, usiku huteremka kama maji na kukaa bondeni, na jalidi ya majira ya kuchipua huua machipukizi ya huko chini. Tena mteremko unaoelekea mashariki na kusini hupokea jua vizuri zaidi kuliko tambarare. Bondeni hupandwa mahindi.

Kisha tukapewa mikasi midogo na ndoo. Kuvuna kwao kuna adabu yake. Kichala hushikwa kwa mkono wa kushoto kutoka chini, kikonyo hukatwa, zabibu zilizooza hutolewa moja moja, na kichala hulazwa ndani ya ndoo, hakitupwi. Maana zabibu ikipasuka kabla ya saa yake huanza kuchachuka njiani. Ziko mashine kubwa zivunazo shamba zima kwa muda mfupi, na wengi wanazo, lakini zabibu za divai ile itoayo povu ni lazima zivunwe kwa mkono, ndiyo sheria. Mama alipewa safu moja peke yake. Aliimaliza baada ya saa nzima na dakika kumi, mgongo ukimwuma, na hapo alikuwa hajakagua ila mizabibu ya safu moja, ya shamba moja, ya kijiji alichokiandikia dakika ishirini. Hakusema neno, ila tulimwona akiitazama saa yake, akaivua, akaitia mfukoni ili isiingie utomvu.

Tulikula pamoja na wavunaji chini ya mti: mkate, jibini, na jozi, yaani zile kokwa ngumu ambazo ndani yake ni mfano wa ubongo. Wasomaji wengine watakuwa wamekwisha kutuuliza moyoni, Je, mlikunywa? Tutajibu bila kuficha. Kijana hakunywa, kwa kuwa alikuwa na usukani, na sheria ya Ufaransa ni kali. Mama hanywi kabisa. Wawili waliobaki walionja, nao walionja kidogo. Lakini kilichotupendeza sote wanne ni maji ya zabibu yaliyotoka shinikizoni saa ile, matamu, yenye rangi ya asali iliyochafuka. Wenyeji huyanywa pia siku chache baadaye, yanapokuwa katika kuchachuka, nayo huuzwa katika chupa ambazo hazizibwi sana, zisije zikapasuka. Wenye kuijua habari ya viriba hawatahitaji maelezo.

Shinikizo lenyewe lilikuwa nyumbani kwake, pipa kubwa la chuma lililolala, na ndani yake mfuko unaojazwa upepo ukazibana zabibu. Tulidhani ni kazi ya dakika chache, kumbe ilichukua saa kadhaa. Mfuko hubana kidogo, ukalegea, ukabana tena. Bwana yule alisema kwamba akibana kwa nguvu atapata maji mengi zaidi tena kwa upesi, ila mbegu na vikonyo vitatoa uchungu wake, nao hautoki tena. Baada ya hapo maji hukaa usiku kucha yatuame, kisha huchachuka majuma mengi katika mapipa ya mwaloni yaliyokuwako kabla ya babu yake.

Hapo Mzee aliuliza jambo lililokuwa limemkaa rohoni. Aliuliza ni nani anunuaye. Maana mwaka mmoja zabibu zake zilimwozea shambani. Mnunuzi aliyeahidi hakutokea, na zabibu haingoji. Yule bwana akanyosha kidole kuelekea Ribeauvillé, kijiji cha pili. Akasema zamani wakulima wa hapo walikuwa na shida iyo hiyo, wafanya biashara wakiwapangia bei watakavyo, ndipo mwaka 1895 wakafanya chama cha ushirika, wakajenga shinikizo lao na ghala yao. Chama hicho kipo hata leo, nacho ndicho cha kwanza cha namna yake katika Ufaransa yote. Mzee alitoa daftari akaandika mwaka ule, akaupigia mstari chini.

Tulipoagana jua lilikuwa limeinama. Kutoka hapo mpaka Thann kulikuwa na zaidi ya nusu ya njia, na vijiji tisa vya karatasi. Hakuna aliyetaja Thann. Tuliiacha motakaa Ribeauvillé penye nyumba ya wageni, tukaenda kwa miguu mpaka Hunawihr kwa njia ya mashambani.

Kanisa la Hunawihr limesimama peke yake kilimani, nje ya kijiji, limezungukwa na makaburi, na makaburi yamezungukwa na ukuta wa vita, na ukuta umezungukwa na mizabibu. Tangu karne ya 17 Wakatoliki na Waprotestanti hutumia jengo hilo moja, kila watu kwa saa yao. Tuliuliza kama hawagombani. Tulijibiwa kwamba waligombana sana zamani, hasa juu ya saa, sasa wamezoea. Juu ya paa moja kijijini Mzee aliona kiota kikubwa cha vijiti, kitupu, akauliza ni cha nini. Kumbe ni cha korongo weupe! Ndege hao walikuwa karibu kwisha katika Alsace. Mwaka 1974 viota vyenye ndege havikufika kumi. Ndipo wenyeji wakaanza kuwafuga na kuwazalisha, na hapo Hunawihr pakawekwa nyumba yao mwaka 1976, na sasa jozi zake ni mamia. Mzee akasema anawajua, huja Ugogo na mvua wakala viwavi. Ilitubidi kumwambia kwamba wale wa Alsace huenda kwa njia ya Hispania na kufikia Afrika ya Magharibi, na wanaokuja kwetu ni wa Ulaya ya mashariki wapitao nchi ya Nili. Akasema, "Basi ni binamu zao," akaridhika.

Siku ya pili tuliianza Riquewihr. Ni kijiji kizuri mno, nyumba zake ni za karne ya 16, nacho kina watu wengi mno. Kila mlango ni duka. Tulikaa nusu saa, nayo ilitosha.

Kutoka hapo motakaa ilishuka taratibu, maana kijana alikuwa hapigi honi tena, tukapita Mittelwihr na Bennwihr. Vijiji hivyo havikuwamo katika karatasi ya Mama. Kitabu cha wasafiri kilisema hakuna cha kutazama. Lakini Mzee akasema, "Mbona nyumba hizi ni mpya?" Tukatazama, tukaona kweli. Maili mbili nyuma tuliacha nyumba za miaka mia nne. Hapa kuta zilikuwa zimenyoka, madirisha makubwa, na kanisa lilikuwa la saruji na vioo vya rangi. Siku ya kwanza tungalipita bila kuona tofauti. Tukasimama, kijana akamwuliza bibi mmoja aliyekuwa akifagia mlango wake. Yule bibi aliweka ufagio chini. Alisema katika majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945 Wajerumani walishikilia nchi ya Colmar, na majeshi ya Ufaransa na Marekani yakawazunguka. Vita vilikaa vijijini. Riquewihr ilisalimika. Bennwihr, Mittelwihr, Sigolsheim na Ammerschwihr vikawa vifusi, na mizabibu ikatiwa mabomu ya kuzikwa ardhini, hata kulima ikawa ni kufa. Kisha akatuonyesha kilima kilicho juu ya Sigolsheim, akasema, "Nendeni kule. Ndugu zenu wako kule."

Tukapanda. Juu ya kilima kile, katikati ya mizabibu, pana makaburi ya askari wa Jeshi la Kwanza la Ufaransa, zaidi ya 1,500. Safu moja ni misalaba. Safu nyingine ni mawe ya namna nyingine, yenye umbo la mlango wa msikiti, yameelekezwa Makka: ni askari wa Moroko, wa Aljeria, wa Tunisia. Yako na ya Wayahudi. Juu ya yote imeandikwa kwamba huyu alikufa kwa ajili ya Ufaransa, na penye mawe mengine jina halipo. Waafrika weusi waliokuwa wametua na jeshi lile pwani ya Provence mwezi wa Agosti 1944 walio wengi hawakufika kilima hiki, kwa kuwa kabla ya baridi walirudishwa kusini kwa maelfu, na makoti yao na kofia zao za chuma wakapewa vijana Wafaransa waliochukua mahali pao. Wenye madaraka walisema ni kwa sababu ya baridi. Wanaoandika historia wameona na sababu nyingine, nasi twaamini hawakukosea.

Mzee aliyapita makaburi moja moja. Hakuruka hata moja. Sisi watatu tulimfuata mwanzoni, kisha tukakaa juu ya ukuta, kwa maana tulifahamu kwamba hakuwa akitafuta jina la mtu wa Moroko. Alikuwa na baba yake mkubwa, kaka wa baba yake, aliyechukuliwa katika jeshi la King's African Rifles akapelekwa Burma na ile Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1944 askari hao walikwenda bonde la Kabaw katika mvua isiyokatika, matope na malaria vikiwaua pamoja na risasi, mpaka wakaufikia mto Chindwin. Baba mkubwa hakurudi. Nyumbani ilifika barua moja, na babu yake Mzee hakujua kusoma. Mzee alizaliwa baadaye, akapewa jina lile, amelichukua zaidi ya miaka sabini, wala hajui mwenye jina alilazwa wapi.

Alipomaliza safu ya mwisho aliketi nasi. Chini yetu watu walikuwa wakivuna, tulisikia mikasi. Mama alimpa maji. Mzee akasema, "Hawa wana mtu wa kuwapalilia," wala hakuongeza neno.

Kaysersberg tulifika jioni. Katika karatasi ya Mama kijiji hicho kilikuwa na nyota mbili, na wasomaji wengi watadai habari zake, kwa kuwa ndipo alipozaliwa Daktari Albert Schweitzer tarehe 14 Januari 1875, nchi ikiwa ya Wajerumani. Mwaka ule ule wazazi wake walihamia Gunsbach, baba yake akiwa mchungaji. Mwaka 1913 alikwenda Lambaréné katika Gabon, akajenga hospitali, na alipewa tuzo ya amani ya Nobel ya mwaka 1952. Alikufa huko huko Lambaréné mwaka 1965. Aliponya watu wengi. Tena alizoea kumwona Mwafrika kama ndugu mdogo asiyekua, jambo ambalo Waafrika wengi walimlaumu nalo, na haki iko kwao. Nyumba ya ukumbusho wake ilikuwa imekwisha kufungwa tulipofika. Tukatazama mlango, tukala, tukaenda kulala.

Usiku ule kijana alisema iko tume itunzayo makaburi ya vita ya nchi za Jumuiya ya Madola, na daftari lake la majina laweza kusomwa na mtu ye yote kwa simu. Karibu na mji wa Yangon, mahali paitwapo Taukkyan, pana nguzo za ukumbusho zenye majina karibu 27,000 ya askari waliokufa katika vita vya Burma na makaburi yao hayajulikani. Mzee akamtajia jina. Kijana akaliandika, halikupatikana. Akaliandika kwa namna nyingine, halikupatikana. Mzee akafikiri, akasema karani wa siku zile labda hakuwa Mgogo; ajaribu kuweka R mahali pa L, na aiache ile herufi ya mwisho.

Likatokea. Jina, namba ya jeshi, kikosi chake, mwezi na mwaka, na ubao wa ukuta aliochorwa.

Mzee akaomba karatasi. Tukatafuta mifukoni na mikobani, wala hatukuwa na nyingine ila ile ya vijiji kumi na vinne. Mama akaigeuza upande wa nyuma, akainyosha juu ya meza kwa kiganja, akampa kalamu.